Vitabu vya Barafu na Uyoga wa Bibi

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nilimdanganya mama jirani pale bombani. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimevaa saa ya mkononi ya mama, na wakati nasema uongo niliitazama hiyo saa ili nisimtazame yeye usoni.

"Mnakwenda wapi na ndoo tupu alfajiri yote hii?" aliuliza.

"Mtoni," nikasema. Halafu ndiyo nikakumbuka, "shikamoo."

"Marahaba. Mtoni kufuata nini, na maji haya hapa yanamwagika?"

Uongo wangu ulikuwa umeishia hapo. Bibi yangu, aliyekuwa nyuma yangu anajifunga kitenge vizuri, akadakia. "Tunakwenda kuchuma majani ya maboga bustanini kwangu. Au siku hizi mboga inaombewa kibali?"

Mama jirani akacheka mpaka ndoo yake ikafurika. "Haya, bibi. Mkirudi na hayo majani ya maboga mniite nionje. Najua yatakuwa na vichwa."

Alijua. Huku Isansa kwa bibi kila mtu anajua kwamba mvua za Desemba zikikolea, mwanamke mwenye ndoo tupu asubuhi anakokwambia anakwenda siko. Anakwenda kwenye uyoga, na mahali pa uyoga hapasemwi. Bibi alionyeshwa pake na mama mkwe wake, baada ya kuzaa mtoto wa tatu, si kabla. Shangazi yangu anaishi na bibi nyumba moja na hapajui, eti kwa sababu mdomo wake haushiki maji. Mimi nilionyeshwa nikiwa na miaka kumi na mmoja kwa sababu siongei.

Bibi ana namna yake ya kwenda. Asubuhi umande unasema kila kitu. Ukipita kwenye nyasi unaacha mstari mweusi, na mwenye macho ataufuata mpaka kwenye uyoga wako. Kwa hiyo kwanza tunatembea kuelekea mtoni kweli, kwenye nyasi ndefu, tunaburuta miguu makusudi ili mstari uonekane. Tukifika kwenye njia ya ng'ombe, iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu, tunageuka na kupanda juu upande wa pili, bila alama. Simu yake ya kitochi inabaki kabatini. Mwaka juzi ililia msituni, mwanamke mmoja akaufuata mlio, na tangu hapo bibi anasema simu na uyoga havikai ndoo moja.

Hayo yote niliyajua. Na nilijua pia, kutoka kwenye vitabu, kwamba hivyo ndivyo watu wanavyokufa.

Vitabu nilivipata Tunduma. Mama anauza chai na chapati kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na madereva wakikwama siku nne, tano, husoma chochote. Dereva mmoja kutoka ng'ambo, mtu mzima, anayemsalimia mama kwa adabu ya kwao, "mwapoleni mukwai", hata akiwa amekasirishwa na foleni, aliniona nasoma gazeti la kufungia chapati. Akapanda kwenye lori lake akashuka na kitabu kisicho na jalada. Safari iliyofuata akaleta cha pili, kisha cha tatu. Vyote vilikuwa vya watu wanaopanda milima ya barafu na kupotea huko. Sijui kwa nini alivipenda, mtu anayebeba shaba kwenye joto. Vilikuwa vya Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha kidato cha tatu, kwa hiyo nilisoma na kamusi pembeni, na maneno mengine nikayaruka kama madimbwi.

Darasani mwalimu akiniuliza kitu najibu moyoni. Jibu linakuwa sahihi, lakini hakuna anayelisikia. Jikoni kwa bibi ni tofauti. Pale naongea. Likizo hiyo nilikuwa namsimulia vile vitabu jioni, yeye akigeuza mahindi kwenye makaa.

"Walikuwa wanatafuta nini huko juu?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hakuna kitu, bibi. Kufika tu."

"Hata kuni?"

"Barafu tupu."

"Basi ni wagonjwa, mke mwenzangu." Ananiita mke mwenzangu kwa utani, kwa sababu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na babu alipokufa aliniambia tumeachwa wajane wawili.

Nilimwambia vitabu vyote vitatu vinaanza na kosa moja: hawakumwambia mtu njia watakayopita, na waliokuja kuwatafuta walitafuta mlima usio wenyewe. Bibi akaacha kugeuza hindi.

"Kumbe na wao wanaficha," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anawaheshimu.

Kwenye kitabu cha pili kulikuwa na mtu aliyemwacha mwenzake amevunjika, akashuka kutafuta msaada. Alirudi na watu baada ya siku mbili, wakamkuta mwenzake ameketi, macho wazi, amekufa. Nilimchukia huyo mtu. Kwenye kaunta buku langu niliandika hivi, nanakili bila kurekebisha: "Huyu si mtu. Bora wangekufa wote wawili." Niliandika nikiwa nimeshiba, nimejifunika blanketi.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, kabla hatujafika bombani, nilisimama mbele ya shangazi akifagia uwanja. Nilitaka kumwambia tu, tunakwenda upande wa juu. Maneno manne. Bibi akakohoa. Nikaokota ndoo yangu. Nafasi niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo, na nilipita pembeni yake kama mtu anayepita pembeni ya mbwa.

Tulitembea mwendo wa karibu saa tatu, na saa tano kasorobo ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa uyoga mwekundu wa chini ya miombo. Tungerudi. Lakini bibi alitaka ule mkubwa wa kwenye vichuguu, unaofunguka kama mwavuli, na kichuguu chake kiko mwisho kabisa, ukingoni, pale ardhi ya Mbozi inapokatika na kuanza kushuka kuelekea Momba. Ukisimama pale unaona bonde lote chini, limelala, na joto lake linakupanda usoni. Siku hiyo hatukuona bonde. Tuliona wingu limesimama ndani yake kama maziwa kwenye kibuyu.

"Bibi, turudi."

"Wingu hilo ni la chini. Halipandi."

Saa saba na robo lilikuwa juu yetu. Tukajifunika viroba vya mbolea tulivyokuja navyo, ile kona moja inaingizwa kwenye nyingine inakuwa kofia ndefu, tukajibana kwenye mwamba. Halafu mvua ikageuka mawe. Mimi nimeona mvua ya mawe, kila mtu wa huku ameiona, inapiga mabati dakika tano watoto wanaokota wanakula. Hii haikuwa ya dakika tano. Ilipiga mpaka majani ya miti yakaanguka mabichi, mpaka ndoo ya bibi ikapasuka ukingo, na ilipoacha ardhi yote ilikuwa nyeupe. Nilisimama nikatazama. Nitasema ukweli: kwa muda mfupi nilifurahi. Niliona kitabu.

"Twende kabla hayajayeyuka," bibi akasema, akanyanyua ndoo yake kichwani, akakanyaga mwamba.

Sikumwona akianguka. Nilisikia ndoo. Nilipogeuka alikuwa chini ya mwamba, hatua kama sita, amelala ubavu kwenye ule weupe, na uyoga umemwagika kumzunguka.

Hakulia. Alisema, "Okota uyoga."

"Bibi, simama."

"Okota kwanza."

Nikashuka nikamshika chini ya makwapa, na hapo ndipo alipopiga kelele ambayo sijawahi kusikia ikitoka kwake. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia nje, unyayo unatazama kule ambako haupaswi kutazama. Ilikuwa nyonga. Nilijaribu mara mbili kumbeba mgongoni kama mtoto. Bibi si mzito, lakini kila nilipomnyanyua alizimia kidogo, kichwa kikawa kinalegea begani kwangu, nikamshusha.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Mvua ya kawaida ilirudi, baridi, nyembamba, isiyokuwa na haraka. Maji ya yale mawe yanayoyeyuka yalikuwa yanapita chini yake.

Nilichofanya kilitoka vitabuni, sikukibuni. Kitabu cha kwanza kinasema baridi ya chini inaua kabla ya baridi ya juu. Nikamburuta hatua mbili hadi kwenye tundu la mwamba, yeye ananitukana kwa Kinyiha, matusi ambayo sikujua kama anayajua. Nikakwangua majani makavu chini ya mwamba, yale ambayo mvua haikuyafikia, nikayajaza ndani ya kiroba changu, nikamlaza juu yake. Kiroba chake nikamfunika. Nikavua sweta langu la shule nikamvalisha kichwani. Kisha nikamkumbatia kwa nyuma na kusubiri.

"Watakuja," nilisema.

"Nani?"

"Shangazi. Watu."

Bibi alikuwa anatetemeka mpaka meno yake yanagongana na mimi natetemeka naye. "Watakwenda mtoni," akasema.

Nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimejua tangu alipoanguka, ila nilikuwa sijaliacha wazo hilo lije. Shangazi atasubiri mpaka saa kumi. Ataenda kwa mama jirani. Mama jirani atasema, wamefuata uyoga, pengine upande wa mtoni, yule mtoto alitaja mtoni. Watashuka, na kwenye nyasi watakuta mstari wetu, miguu miwili ya mtu mzima na miwili ya mtoto, imeburutwa vizuri kabisa kuelekea majini. Wataanza kuchungulia majini. Na simu watakayopiga italia kabatini.

Sisi wenyewe ndio tuliochora ramani ya kutopatikana.

Saa tisa na dakika tano bibi aliacha kutetemeka.

Mtu asiyesoma angefurahi. Mimi niliingiwa na hofu. Kwenye kitabu cha tatu kuna ukurasa niliousoma mara nne na kamusi, unaoeleza hatua za baridi. Kutetemeka ni mwili unapigana. Kuacha kutetemeka, kama hujapata joto, ni mwili umeweka silaha chini. Baada ya hapo mtu anaongea kama mlevi. Baada ya hapo anasikia joto.

"Bibi, niambie jina la mama mkwe wako."

"Mmm."

"Bibi."

"Maji ya kuoga yameiva," akasema polepole, ulimi mzito. "Mwambie babu yako."

Kulikuwa na njia mbili. Kurudi nyumbani ni mwendo wa saa tatu kwenye njia ninayoijua, kwa hiyo kwenda na kurudi na watu ni usiku, na bibi asingefika usiku. Njia ya pili ilikuwa chini. Wingu lilikuwa limepasuka kidogo upande wa bonde, na kwenye huo mpasuko niliona moshi. Moshi mmoja, wa bluu, mbali. Huko chini wanaishi wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Sisi wa juu hatuendi kwao nao hawaji kwetu, isipokuwa siku ya mnada. Mteremko wenyewe sikuwahi kuushuka, na vitabu vyote vitatu vinasema jambo moja, usishuke mteremko usioujua kwenye ukungu. Waliofanya hivyo wana sura zao kwenye vitabu na ni sura fupi.

Nikasema, "Bibi, nakwenda kutafuta watu."

Hapo ndipo alipoamka. Alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama mwiko ulioachwa nje, lakini ulishika. "Usiondoke," akasema, safi kabisa, bila ulevi. "Mke mwenzangu. Usiondoke."

Nikakaa tena. Nilikaa dakika kumi na mbili, naijua hesabu kwa sababu ya ile saa. Nilitaka mtu aniambie. Nilimfikiria yule mtu wa kitabu cha pili, na nilimfikiria kama mtu ninayemdai jibu: ulijuaje? Ulijuaje kwamba ni wakati? Hakuandika. Aliandika tu kwamba aliondoka, kana kwamba ni sentensi ya kawaida.

Saa tisa na dakika ishirini na saba nilivibandua vidole vya bibi kwenye mkono wangu. Kimoja kimoja. Kidole gumba ndicho kilichokuwa cha mwisho na nilitumia nguvu. Nikafunga kanga yangu nyekundu kwenye tawi juu ya tundu, nikashuka. Aliita. Aliita mara tatu au nne. Sikugeuka, kwa sababu nilijijua.

Sehemu kubwa ya mteremko niliishuka kwa makalio. Niliteleza kwenye mawe, nikashika mti wa miiba, nikauachia, nikashika mwingine. Mara moja nilifika mahali ambapo mbele hakuna kitu, wingu tu, nikalala kifudifudi nikarusha jiwe. Nilihesabu mpaka tatu ndipo likagonga. Nikarudi nyuma kwa magoti na kupita kando. Kila baada ya muda nilitazama juu kuona ile kanga. Mara ya tatu haikuonekana tena. Nikaanza kuchuna magome ya miti kwa kisu cha uyoga, kila mti wa kumi au ninaofikiri ni wa kumi, ili nijue pa kurudia.

Nilisikia kengele za ng'ombe kabla ya kuona boma. Halafu mbwa. Watatu, wakubwa, wananijia. Nikasimama wima. Mwanamke akatoka akiwa na kata mkononi, akawafokea mbwa, akanitazama: msichana aliyelowa, hana sweta, damu mikononi, anatoka mlimani kusikotoka watu.

Natamani ningeweza kuandika kwamba nilipiga kelele. Nilisema, kwa sauti ileile ninayotumia darasani, "Hodi."

"Karibu," akasema yule mama, bado amenishangaa. Halafu akaita ndani, "Mzee, toka uone!"

Mzee akatoka, ana koti kubwa na fimbo. "Umetoka wapi, binti?"

"Juu."

"Juu wapi? Kule hakuna watu."

Na hapa nilisita. Naapa nilisita. Bibi anakufa, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mtu mwenye fimbo, nafikiria kwamba nikisema, mahali petu patajulikana. Ilikuwa ni pumzi moja tu, lakini ilikuwepo, na ndiyo sababu naiandika.

"Bibi yangu ameanguka kwenye mwamba, ukingoni, kwenye kichuguu kikubwa. Tulikwenda kuchuma uyoga. Amevunjika. Ameacha kutetemeka."

"Kuacha kutetemeka si vizuri?" mzee akauliza.

"Anakufa," nikasema. Hiyo nadhani niliipaza, kwa sababu mbwa walianza kubweka upya.

Basi walivyokuwa wepesi! Sikuwahi kuona watu wanaoondoka hivyo. Mzee aliita mara moja, wakatoka wanaume watano kutoka nyumba mbili. Mmoja alichomoa miti miwili kwenye uzio wa zizi, mwingine akavuta ngozi ya ng'ombe iliyokuwa imekaushwa, wakaitoboa kwa kisu na kuipitisha kamba, na machela ikawa tayari kabla sijamaliza kikombe cha maziwa nilichopewa. Yule mama alinivalisha shuka lake. Wanaume walipanda kwa njia ya ng'ombe ambayo mimi sikuiona, mpaka ilipokutana na miti niliyoichuna, nami nikapita mbele, nakimbia na kuanguka.

"Magome haya umechuna wewe?" mmoja akauliza, kijana mwenye masharubu.

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

"Kitabu."

"Cha shule?"

"Hapana. Cha dereva."

Akacheka. "Basi shule ya dereva ni nzuri."

Juu wingu lilikuwa limefunga. Magome yangu yaliishia nusu, kwa sababu huko juu nilikuwa sijaanza kuchuna. Tulitafuta kanga nyekundu na hakukuwa na rangi yoyote ila ya maji. Saa kumi na moja ikapita. Nilimwita bibi. Hakujibu. Wanaume wakatawanyika, wakawa wanaitana kwa miluzi, na nilianza kufikiri pengine si ukingo wenyewe, pengine nimewaleta mlima usio wenyewe. Ndipo nilipokanyaga kitu laini nikateleza. Nikatazama chini. Uyoga mwekundu, umepondeka.

"Hapa!" nikapiga kelele. "Hapa! Hapa!"

Bibi alikuwa ametupa kiroba. Alikuwa amefungua kitenge na blauzi, kifua wazi kwenye mvua, uso umetulia kama wa mtu anayeota jua. Mzee akamwekea kiganja puani, akaangalia wenzake, akatikisa kichwa.

"Amekwenda huyu."

"Hajaenda," nikasema. "Wanakuwa hivyo. Wanafanana na waliokufa." Hayo nayo niliyasoma, na sikujua kama ni kweli au ni maneno ya kitabu. Nikalaza sikio kifuani kwake. Nikasikia moyo wangu mwenyewe, kwa muda mrefu sana, moyo wangu tu. Halafu, chini yake, mwingine. Mmoja. Kimya. Mmoja.

Walimshusha polepole, kijana mwenye masharubu akiwasisitiza wasimtikise, kwa sababu nilikuwa nimewaambia na safari hii walinisikia. Bomani walimlaza karibu na moto, si karibu sana, katikati ya yule mama na binti yake, ngozi kwa ngozi chini ya mablanketi. Simu ya mzee ikampata mwenyekiti wa kitongoji chetu, naye akaenda kumwambia shangazi. Walikuwa mtoni kama nilivyojua, karibu watu arobaini, na wawili walikuwa wameshaingia majini wamefungwa kamba. Jioni hiyo tulimpakia bibi kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, tukamfikisha zahanati. Muuguzi alimtundikia dripu ya maji ya uvuguvugu. Nilimuuliza kama atapona. Akasema, "Tumwombee afike asubuhi. Nyonga tutaihangaikia akishafika."

Shangazi alifika, akanikumbatia, akalala kwenye benchi. Mimi sikulala.

Jumapili asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, muuguzi alitoka akasema bibi anaongea. Sikuingia. Nilikwenda kwanza kwenye nyumba iliyo karibu na zahanati, nikabisha hodi kwa watu nisiowajua, nikaomba moto na unga wa ulezi. Nilipika uji. Mikono yangu ilikuwa imevimba kwa miiba na sufuria likawa linanishinda, lakini nilikuwa nataka niwe na kitu cha kushika nikiingia.

Bibi alikuwa amelala chali, macho kwenye dari. Alikuwa mdogo kuliko juzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani alinibeba?"

"Wafugaji. Watano na mzee mmoja."

"Wamepaona mahali petu?"

"Wamepaona."

Akafumba macho. "Wamekanyaga?"

"Kidogo. Lakini bibi, nimemuuliza yule mama. Kwao uyoga hawali. Wanasema unafanana na masikio ya wafu."

"Mungu awazidishie hao watu," akasema, na nilimwona kabisa ametulia. Kisha akafumbua macho, akageuza shingo. "Na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa peke yangu pale. Nakumbuka nilikuwa peke yangu."

Ningeweza kusema kwamba baridi ilimchanganya. Muuguzi mwenyewe alishasema hatakumbuka vizuri. Nilitazama uji.

"Nilikuacha, bibi. Ulinishika nikabandua vidole vyako. Uliniita nikasikia, sikugeuka."

Shangazi kwenye benchi nje ya mlango alikuwa ameamka, hakusema kitu, na kwake hilo ni jambo kubwa. Nje jogoo wa muuguzi aliwika, akakatisha, akaanza tena.

"Kwenye vitabu vyako," bibi akasema mwishowe, "yule anayeachwa, huwa anakufa?"

"Wengi wanakufa."

"Na yule aliyemwacha?"

Nikafikiria vyote vitatu. "Anaandika kitabu."

Bibi alinitazama. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika chini ya blanketi, akacheka bila sauti, akajiumiza nyonga, akatukana, akacheka tena mpaka akakohoa, na muuguzi akaja kutufokea kwamba hapa si kilabuni.

Nikamnyanyua kichwa nikamwekea kikombe mdomoni. Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Hauna sukari huu."

Nikamlaza, nikatoka kwenda kutafuta sukari.